Mbegu za Mfupa na Maharagi ya Saa Sita

Siku hizi mjini Butembo kila mwenye goti linalouma amekwisha kusikia habari za seli shina. Mfanyabiashara amerudi kutoka Dubai na karatasi ya rangi, au binti yake amemwonyesha kwenye simu mzee mmoja anayepanda ngazi huku akicheka. Wanaingia ofisini kwangu, wanafunga mlango na kupunguza sauti: "Docta, tulisikia we njo mutu wa kwanza kufanya ile kintu hapa kwetu." Ni kweli, nilikuwa wa kwanza. Lakini kila ninapokumbuka jinsi nilivyokuwa wa kwanza, natamani kujificha chini ya meza. Kwa hiyo nawaambia wakae, nikiwa na nafasi nawasimulia, na wengi wao huondoka na goti lao lilelile wakiwa wamechangamka kidogo.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili, iliyokuja ikakaa. Tulitawaliwa na waasi waliobadilisha jina la chama chao kila tulipoanza kulizoea. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, daktari wa mifupa, nimerudi kutoka mafunzo ya miezi tisa huko Ulaya. Nilirudi na vitu vitatu: koti refu la baridi, tabia mbaya ya kuanza kila sentensi kwa "kule Ulaya", na sindano moja nene ya chuma yenye mpini, ya kutobolea mfupa na kuvuta uboho, yaani yale mafuta mekundu yaliyo ndani yake. Sindano hiyo niliinunua kwa posho yangu ya chakula. Niliilaza kwenye kisanduku chenye kitambaa cha bluu, na naungama kwamba kuna siku nilikifungua nikiwa peke yangu, kuitazama tu.

Profesa niliyemfuata huko alikuwa akiitumia kwa watu ambao mfupa wao umevunjika na kukataa kuunga. Ndani ya mfupa wa nyonga, alitueleza, kuna seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Ukizivuta na kuzipeleka mahali palipovunjika, zinaweza kuamua kuwa mfupa. Mambo yenyewe yalikuwa mapya, hata yeye aliyasema kwa tahadhari. Mimi niliyabeba hadi Butembo na kuiacha tahadhari kulekule.

Mgonjwa wangu alikuwa mama mmoja wa Masereka, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa viazi. Siku alipovunjika alikuwa akishuka kuelekea sokoni pamoja na wenzake, kikapu mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu. Risasi zikalia. Wenzake walitupa mizigo wakakimbia. Yeye alikimbia na viazi vyake. Aliruka mfereji akiwa na mzigo wote ule, mguu wa kulia ukavunjika katikati ya muundi na mfupa ukatoka nje. Nilipomuuliza kwa nini hakuvitupa, alinitazama kwa huruma.

"Bilikuwa bya mbegu, Docta."

Miezi minane baadaye kidonda kilikuwa kimekauka, lakini mfupa ulikuwa haujafanya kazi yoyote. Ukiushika mguu kwa vidole viwili, ulipinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Vyuma na parafujo vya kuushikilia vilikwisha siku nyingi, na barabara za kuvileta zilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Daktari wetu mkuu, mzee aliyekuwa akipasua watu tangu mimi nikiwa darasa la kwanza, alikuwa amekwisha kutoa uamuzi wake. Tukate chini ya goti, seremala amchongee mguu wa mti, mama arudi kwa watoto wake. Hakuwa mkatili. Alikuwa na kitanda kimoja na wagonjwa watatu wanaokingojea.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Docta mukubwa, shamba yangu iko ku mulima. Ukilima kule, unashika udongo na vidole vya muguu. Muguu ya muti itashika na nini?"

Mzee akavua miwani. Mimi, ambaye ningefanya vizuri kunyamaza, niliruka juu. Kule Ulaya, nilisema. Nikaeleza yote, sindano, nyonga, seli ambazo hazijaamua. Mzee alinisikiliza huku akisafisha miwani kwa ncha ya koti lake.

"Miezi miwili," akasema. "Kisha tunapiga radio, picha ya mfupa. Kama hakuna kitu, nakata mimi mwenyewe."

Ikabaki kuishawishi familia. Kwetu mwanamke aliyeolewa mwili wake bado una wenyewe huko alikozaliwa, na hugusi mfupa wake bila wao kukaa na kusema. Walikuja watu kumi na mmoja, wakaketi kwenye majani nyuma ya wodi. Mbele alikaa mjomba wake, mzee mfupi mwenye kofia ya sufi na macho ya mtu asiyedanganyika sokoni. Nikawaeleza kwa mfano ambao niliona ni wa akili sana. Uboho, nikasema, una mbegu ndani yake, kama vile viazi vidogo mnavyoviweka kando kwa ajili ya kupanda. Tutatoa mbegu kwenye nyonga, mahali zilipojaa, tuzipande kwenye muundi, mahali palipo patupu.

Walipenda habari ya viazi. Lakini mjomba aliinua mkono.

"Donc, munatoa mafuta ya mufupa. Muzuri. Na munapeleka wapi?"

"Kwenye mguu, mzee. Mguu wake mwenyewe."

"Njo vile unasema. Lakini batu banasema kule mupakani kuna bazungu bananunua."

Hakuna kiapo nisichokula. Mwishoni walikubali kwa sharti moja: mjomba aingie chumba cha upasuaji kuhakikisha kwamba kilichotoka nyonga kimefika mguuni na si kwingine. Huko nilikosoma mtu angefukuzwa kazi kwa jambo kama hilo. Tulimvalisha mjomba gauni la kijani lililofika chini, tukamfunika mdomo na kumwonya asiguse kitu.

Sindano yangu nilikuwa nimeichemsha kwenye sufuria ya presha juu ya makaa, kwa sababu mashine ya hospitali ilitaka umeme, na umeme ulitaka mazuti, yaani dizeli. Mama alichomwa ganzi. Nikatoboa nyonga, nikavuta, na ule uboho ukaja mwekundu mzito, mzuri kabisa. Nikavuta tena. Mjomba alikuwa amesogea mpaka pumzi yake naisikia shingoni, akilitazama bomba la sindano kama mtu anayetazama mbuzi wake akipita kwenye kizuizi cha askari. Nilipogeuka kuelekea mguuni, naye akageuka. Nilipotoboa muundi na kuanza kusukuma, aliinama.

"Subiri," akasema. "Kumebakia kidogo pale chini."

Nikasukuma hadi tone la mwisho. Ndipo akapumua na kumwambia mpwa wake kwa Kinande kwamba mali yote imefika. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya tiba ya seli shina katika nchi yetu ya milima, na msimamizi wake alikuwa mkulima wa vitunguu.

Tulimfunga mama plasta mpya kutoka vidole hadi paja. Nikampa amri zangu. Wiki sita kitandani, mguu juu ya mto, asikanyage chini hata kidogo. Nilisema mara tatu, mara ya tatu kwa kidole.

"Wiki sita nalala tu?" akauliza. "Docta, ulisema ni mbegu. Mbegu ya kiazi ukisha kupanda, hapana lala. Unapalilia, unarudisha udongo."

Nikacheka kwa upole wa msomi. Nikamwambia mfano ni mfano tu, mama, usiuvute mpaka ukatike. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alikuwa amekwisha kuvunjika, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumsikiliza mkuu yeyote, lakini hilo sikulifikiria wakati ule.

Hapa inafaa nieleze jinsi tulivyokula. Hospitali zetu hazimlishi mgonjwa. Kila mgonjwa huja na ndugu wa kumlinda, ambaye hulala chini ya kitanda chake, humfulia, na kumpikia jikoni nyuma ya wodi: kibanda cha mabati, mafiga na moshi. Mlinzi wa mama huyu alikuwa wifi yake. Sisi madaktari hatukuwa tumeona mshahara kwa muda mrefu hata tukaacha kuutaja, na mke wangu na watoto nilikuwa nimewapeleka kwa wakwe zangu upande wa Uganda. Basi watu walitulisha. Mmoja analeta kabichi, mwingine samaki aliyekaushwa kutoka Kyavinyonge, na ukikuta sahani mezani huulizi, unashukuru Mungu na kula.

Siku chache baada ya sindano, sahani ilianza kuja kila siku saa sita kamili, imefunikwa kwa sahani nyingine. Maharagi na viazi vilivyopondwa, juu yake majani ya vitunguu vya poro yaliyokaangwa kidogo. Nimekula katika miji mikubwa, na sijala maharagi kama yale. Siku moja nilimwambia muuguzi aliyeyaleta: "Mwambie mpishi aongeze pilipili kidogo." Kesho yake pilipili ilikuwepo. Nilifurahi. Nilijiona mtu anayependwa na watu, na nilidhani ni kwa sababu ya elimu yangu.

Kila asubuhi saa mbili nilipita wodini. Mama yuko kitandani, mguu juu ya mto, rozari mkononi, macho chini. Niliandika kwenye karatasi yake: *mgonjwa mtiifu*. Niliandika hivyo siku nyingi mfululizo, na karatasi hizo ninazo mpaka leo.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Plasta yake ilikuwa inalika kwa chini, kwenye kisigino, na ilikuwa nyeusi kama chungu. Niliandika pia hilo: *plasta ya wakati wa vita ni hafifu*. Wiki iliyofuata nikakuta fundi wetu wa plasta ameibandikia kipande cha tairi ya pikipiki.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni ya baridi, Docteur," akanijibu bila kupepesa macho. "Inazuia baridi ya chini isipande."

Butembo kuna baridi kweli. Nikaona ni wazo zuri, nikampongeza mbele ya wauguzi wote. Mmoja wao alitoka nje haraka, kiganja mdomoni. Nilidhani ana kikohozi.

Miezi miwili ikafika. Tulitafuta mazuti ya jenereta siku tatu, na filamu za radio zilikuwa zimebaki chache mno hata tukazikata vipande viwili. Daktari mkuu alikuja mwenyewe. Msumeno wake, nilijua, ulikuwa umekwisha kunolewa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Mama alilazwa chini ya mashine. Mkono wake ulishika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anaogopa. Na mimi niliogopa. Nilikuwa nimempa mwanamke huyu miezi miwili ya matumaini kwa ajili ya kitu nilichokiona kikifanyika mara nne tu na watu wengine. Kama picha ingetoka tupu, angepoteza mguu, na mimi ningerudi nyumbani na miguu yangu yote miwili.

Tukainyanyua filamu dirishani ikiwa bado inadondoka maji. Kuzunguka ule ufa mweusi kulikuwa na wingu jeupe, mfupa mpya, kutoka upande hadi upande. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Akaushika mguu, akajaribu kuupinda. Ukakataa.

"Mfupa," akasema, akaenda zake.

Sikulala na kichwa kilekile nilichoamka nacho. Kilikuwa kimevimba. Nilitembea mjini nikingoja watu waniulize habari, na wasipouliza niliwaambia. Mhudumu wa duka la sabuni alisikia kuhusu seli shina, na padre pia, na bibi mmoja aliyekuwa akipita tu na kuku wake. Mjomba wa mama alikuja kunishukuru, akasema ni kwa sababu alisimamia ile mali vizuri. Nilikasirika kwamba anajichukulia sifa zangu.

Plasta ilipotolewa kabisa na mama akaanza kutembea na fimbo, kisha bila fimbo, ilitangazwa kwamba madaktari wa eneo letu watakutana Beni kubadilishana mawazo, kwa sababu vita ilikuwa imetutenga na ulimwengu wote na tulihitaji angalau kuonana sura. Niliomba nafasi ya kusema. Nikaomba pia mama aje nami ili waone kwa macho yao. Yeye alikubali kwa sababu hakuwa amewahi kufika Beni.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia moja, madaktari kama ishirini kwenye mabenchi ya wanakwaya. Nilivaa lile koti la Ulaya, na Beni kuna joto. Jasho likinitiririka, nikabandika picha zangu za radio kwenye vioo vya dirisha, moja baada ya nyingine, nikaeleza. Nilitamka maneno ya Kifaransa ambayo sikuwa nimeyatamka tangu uwanja wa ndege. Nilionyesha hata ile sindano, juu ya kitambaa cha bluu. Wenzangu waliandika. Mama alikaa kiti cha mbele, kitenge kipya, mikono mapajani.

Nilipomaliza, daktari mkuu wangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliinua mkono.

"Swali dogo. Mgonjwa alianza kukanyaga lini?"

"Baada ya picha, mzee. Kabla ya hapo wiki sita kitandani bila kukanyaga, kisha wiki mbili na mikongojo. Hiyo ndiyo siri. Nidhamu."

"Kabisa hakukanyaga?"

"Kabisa," nikasema. "Ni mgonjwa mtiifu kuliko wote niliopata kuwatibu. Muulizeni mwenyewe."

Daktari mmoja wa Beni akamgeukia mama na kumuuliza kwa Kiswahili kama ni kweli. Mama alinitazama. Aliona, nadhani, kwamba nimejiweka pabaya, na alitafuta namna ya kunitoa. Lakini alikuwa mtu wa kanisa na tulikuwa ndani ya parokia.

"Docta," akaniambia taratibu, "ile maharagi ulikuwa unakula, nani alikuwa anapika?"

Yote yakatoka. Siku ya tatu baada ya sindano, wifi yake alipanda Masereka kuleta chakula, mapigano yakafunga njia, na hakurudi ila baada ya wiki tano. Mgonjwa asiye na mlinzi hana wa kumpikia. Siku ya kwanza mama alijiburuta hadi jikoni kwa ajili yake mwenyewe. Siku ya pili alimpikia pia bibi wa kitanda cha jirani. Wiki ilipokwisha alikuwa anapikia nusu ya wodi, anashuka bombani na ndoo, anasimama mbele ya moto saa nzima juu ya ile plasta, na wagonjwa wengine wanampa maharagi na kuni. "Na Docta alikuwa anakonda," akawaeleza wale madaktari, "bibi yake na batoto balikuwa mbali. Nikasema, huyu naye nimuwekee. Asubui nikisikia viatu vyake, ninapanda ku kitanda."

Hakuna ukumbi uliocheka namna ile tangu vita ianze. Daktari mmoja mnene alilala juu ya benchi. Nami nilisimama katika koti langu, sindano mkononi, mambo yakinijia yenyewe moja moja: masizi kwenye kisigino, tairi ya pikipiki, kikohozi cha muuguzi, pilipili. Hospitali nzima ilijua. Nilikuwa nimeula ushahidi kila siku saa sita, nikaomba uongezwe pilipili.

"Hata mimi nilikuwa nikipita pale jikoni," daktari mkuu akasema kicheko kilipopungua. "Nilimwona anasimama na hapigi kelele. Nikamwambia akanyage polepole. Mfupa usiobebeshwa kitu unajifunza uvivu. Zamani, kabla ya vyuma, hatukuwa na dawa nyingine." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwungwana, akaongeza: "Lakini kabla ya sindano alikuwa pia na miezi minane. Wewe ulimchoma, yeye akasimama. Nani alifanya kazi? Mimi sijui."

Hata mimi sijui. Nimechoma wengi tangu siku ile. Wengine waliunga na wengine walikataa, na kila mmoja namuuliza kwanza ana nini cha kusimamia, yaani nani anamngoja na kazi gani. Lakini siku ile sikuwa na hekima hiyo. Siku ile nilikuwa na aibu tu. Nilimkasirikia mzee, nilimkasirikia fundi wa plasta, na zaidi ya wote nilimkasirikia mama, kwa sababu alikuwa amecheza kamari na mguu wake kwa ajili ya sahani yangu. Mfupa ungeweza kuvunjika tena jikoni pale, na mguu ungekatwa.

Kesho yake alfajiri tulipanda lori la mbao kurudi Butembo. Sikumsemesha. Tulipanda mlima wa Kabasha, tukafika Maboya, na hapo askari wakasimamisha lori, wakalizunguka, wakasema wanalihitaji. Hatukubishana. Abiria tulishushwa kando ya barabara na mizigo yetu, lori likageuzwa na kurudi lilikotoka. Kutoka pale hadi Butembo ni mwendo wa saa nyingi kwa miguu.

Nilikuwa nimevaa viatu vya mkutano, vyeusi, vyenye ncha. Baada ya saa moja visigino vyangu vilikuwa vimechubuka. Baada ya saa mbili nilikuwa natembea kwa ukingo wa nyayo, na sanduku langu, lenye picha, vitabu viwili, koti na sindano, lilikuwa limenivuta bega hadi likasahau mahali pake. Mama alisimama akanitazama. Akafungua kitenge chake cha juu, akakisokota, akafunga sanduku, akalipandisha mgongoni na kuweka kitenge kwenye paji la uso.

"Hapana, mama," nikasema. "Mguu huo bado. Hauruhusiwi kubeba."

"Mutoto yangu," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "vula viatu."

Nikavua. Tukatembea, yeye mbele. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zile zote.

"Ulikuwa unakula muzuri," akajibu bila kugeuka. "Nikasema, nikimuambia atakataa kula. Na we njo ulikatalia ule mzee na musumeno. Sikuwa na kintu ingine ya kukupa."

Hasira yangu iliishia pale, kwenye matope ya barabara. Nilitembea nyuma yake, viatu mkononi.

Alasiri tukafika hospitali. Akatua sanduku langoni na kunyoosha mgongo. Nikamwomba abaki wiki moja, tupige picha ya mwisho, tuhakikishe. Akakataa. Angelala kwa ndugu yake upande wa barabara ya Lubero na asubuhi apande Masereka, kwani mvua ilikuwa imekwisha kuanguka na mashamba hayangojei mtu. "Wasingya, Docta," akasema kwa Kinande, ahsante, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Macho ya daktari wa mifupa hayana adabu. Nilimkagua nyonga, goti, kisigino, nikitafuta hitilafu moja tu ya kuandika. Alipanda kilima kile kwa hatua sawa, kulia na kushoto, bila kupumzika, hadi akachanganyika na watu wanaotoka sokoni. Nililia, na sikujua kama ni furaha au ni aibu, na sikuona haja ya kuchagua.

Kulikuwa na askari mgeni amewekwa langoni wiki ile, hanijui wala hamjui mama. Alinitazama nikiwa nimeshika viatu mkononi, akatazama visigino vyangu vinavyotoa damu.

"Ule mama njo alikubebea sanduku?" akauliza.

"Ndiyo. Ni mgonjwa wangu."

"Mugonjwa yako?" Akacheka kidogo, kwa huruma. "Pole, muzee. Nilizani we njo mugonjwa, yeye njo anakuleta."

Nikaingia ndani nikichechemea, na sikumsahihisha.